Namna Nilivyojifunza Fidla

Nilipoachwa nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Tulikaa naye miaka kadhaa hatukupata mtoto, mama yake akachoka kungoja, na yeye akachoka kumsikiliza mama yake. Alinipa talaka kwa maneno ya adabu, kisha akanitafutia gari la ng'ombe la kubebea sanduku langu mpaka kwa mama, Ng'ambo. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nikakaa eda, eda ikaisha, nikarudia kazi niliyoijua tangu utoto, kushona kofia za viua. Mama alikuwa akichoma vitumbua barazani asubuhi, na mimi nikishona ndani mpaka macho yakachoka.

Sikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa nikiamka, nikishona, nikilala. Mtu akiniuliza jana nilifanya nini, ilinibidi nifikiri kwanza.

Siku moja tulialikwa harusini Malindi, kwenye nyumba ya ghorofa yenye sebule kubwa. Wanawake tulijaa mikekani, na wapigaji, ambao wote walikuwa wanaume, waliwekwa nyuma ya pazia. Nilichelewa kufika, nikapata nafasi pembeni kabisa, pale pazia lilipokuwa halikufika ukutani. Kupitia uwazi ule niliuona mkono wa mpiga fidla. Sura sikuiona, niliuona mkono tu na upinde, ukenda na kurudi. Sherehe nzima niliutazama mkono ule.

Tulipokuwa tunarudi, wenzangu walikuwa wakizozana njia nzima juu ya mafumbo ya nyimbo, nani kaimbiwa nani. Mmoja akaniuliza, "Na wewe unaonaje, yule aliyetunza kampiga kijembe jirani yake au mke mwenzake?" Mimi sikuwa nimesikia hata neno moja.

Baada ya hapo nikawa nikivuta uzi wa kofia mkono wangu unataka kwenda vile. Nikaanza kujiuliza fidla hufundishwa wapi. Kwa wanaume nilijua: mtu alikaa karibu na mjomba wake au rafiki yake, akajifunza. Mwanamke kuimba ilikuwa jambo la kawaida. Mwanamke kushika fidla nilikuwa sijamwona.

Wakati ule nilikuwa namtarizia vitambaa vya meza mama mmoja wa Kigoa, aliyekaa Vuga na mumewe. Mume alikuwa mzee, alipata kupiga katika bendi ya serikali kabla ya kustaafu, na fidla zake mbili zilitundikwa ukutani juu ya kabati la vyombo. Nilikuwa nimeziona mara nyingi bila ya kuzitazama. Safari hii nilipopeleka vitambaa nikasimama chini yake.

"Unaangalia nini, mama?" akaniuliza yule mzee.

"Nnataka kujifunza hiyo," nikasema.

Mkewe akacheka. Mzee hakucheka, kwa hiyo na mkewe akaacha. Akaja akaniambia nioneshe mkono wa kushoto, akautazama juu na chini.

"Kucha zote za mkono huu kata," akasema. "Halafu njoo."

Tulipatana kwamba nitamtarizia mkewe bure na yeye atanifundisha. Nilikwenda mara mbili kwa wiki baada ya alasiri. Mlango ulikuwa wazi, na mkewe alikaa nasi na kazi yake ya kufuma. Miezi ya mwanzo haikuwa na lolote la kufurahisha. Nilivuta upinde juu ya uzi mmoja, nenda, rudi, nenda, rudi, mpaka bega likawaka moto. Mzee alikuwa mkali. Nikikosea aligonga meza kwa kidole nikaanza upya. Nilipofika mahali pa kuweza kutoa sauti iliyonyooka, akanipa ile fidla ya zamani nende nayo nyumbani.

Kabla ya hapo mama hakujua kitu. Wa mwanzo kushuku alikuwa jirani yetu aliyekuja kututia hina siku ya mkesha wa Idi. Alinishika mkono mmoja, akanishika wa pili, akauliza, "Mbona kucha umekata mkono mmoja tu?" Nikasema zimevunjika. "Zote tano?" akasema. Nikanyoosha mguu autie hina. Nilipoingia na fidla wiki chache baadaye, imefungwa kwenye kanga, mama aliifungua, akaitazama, akaifunga tena.

"Kwa hiyo ndiyo hii," akasema.

Hakunikataza. Alisema nipigie jikoni uani, na mlango niufunge. Nilipoanza, nilimsikia anamwambia jirani kwa sauti ya makusudi, "Paka kabanwa mlangoni, usishughulike."

Mwaka uliofuata ikaja posa. Alikuwa mfanyabiashara wa Tumbatu, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, akileta samaki wakavu mjini. Nilikuwa nimepata kumwona, na sura yake ya upole niliipenda. Mjomba wangu ndiye aliyeleta habari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa. Huyu bwana hana neno na wewe. Kuachwa kwako anakujua, kutozaa kwako anakujua, anasema yeye watoto anao. Ila hilo gambusi lako libaki hapa kwa mama yako."

"Si gambusi, mjomba. Ni fidla."

"Lolote liwalo. Kwake halendi."

Nikaomba nipewe muda. Nilifikiri kwa uzito, kwa sababu sikuwa na uhakika wa kuposwa tena. Niliiwaza nyumba ya Tumbatu, mume mwema, watoto wa marehemu mkewe, kisha nikaiwaza asubuhi ndani ya nyumba ile, na hapo nikarudi palepale pa kuamka, kushona na kulala. Nikamwambia mjomba hapana. Aliondoka bila ya kumaliza kahawa yake.

Mama hakusema na mimi karibu mwezi mzima. Tulikula sahani moja, alinisogezea mchuzi, lakini akitaka kitu alikiambia chungu. "Chungu, kuni zimekwisha." Nikatoka nikaleta kuni.

Nilipoona vidole vimekubali, nikenda kwenye chama kimoja cha wanawake cha Ng'ambo, kilichokuwa kikifanya mazoezi Alhamisi jioni. Kiongozi wao alikuwa Bi mmoja mwenye sauti nzito, mwimbaji aliyejulikana mji mzima. Nikamweleza nilichokuja nacho. Hakushangaa. Akasema, "Hebu tupigie."

Nikapiga wimbo wao mmoja niliokuwa nikiufanyia kazi peke yangu. Nilipomaliza, wanawake wakatazamana, kisha Bi yule akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwanangu, hii ya kanisani hii!"

Alisema kweli. Mgoa alinifundisha alichokijua. Nyimbo zetu zina sauti nyingine zinazokaa katikati, mahali ambapo kidole changu kilikuwa kimezoeshwa kuparuka. Niliposimama kutaka kuondoka, mpigaji wao wa fidla, mwanamme mzee asiyeona vizuri, akasema kutoka pembeni, "Mkono anao huyu. Masikio ndiyo hayajarudi nyumbani. Mwacheni aje."

Nikaanza upya. Kwa upande mmoja ilikuwa ngumu kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kusahau. Yule mzee wa chama hakujua kueleza. Alipiga, nikafuata, akasema "juu", "juu kidogo", "hapo, usitoke hapo". Nilikwenda kumwambia Mgoa, nikiogopa atachukia. Aliniomba nimpigie hizo sauti za katikati. Nikampigia. Akakunja uso. "Kwangu mimi hii imekosea," akasema. "Lakini wewe unakosea vilevile kila mara, basi lazima ni sawa." Fidla akaniachia.

Mara yangu ya kwanza kupiga mbele za watu ilikuwa harusi ya mtaani kwetu. Niliketi upande wa wanawake, mbele ya pazia, na wapigaji wanaume wakabaki nyuma yake. Wimbo wa kwanza ulipita salama kwa kuwa nilipiga taratibu sana, sidhani kama nilisikika. Wa pili upinde ulinitereza ukatoa kelele mbaya, na wasichana waliokuwa mbele wakacheka. Bi hakugeuka kunitazama, aliendelea kuimba, na wimbo ukinipita nikaukimbilia nikaushika. Wa tatu nilipiga vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama alikuwa uani na wapishi. Katikati ya wimbo wa mwisho nilimwona kasimama mlangoni, upawa mkononi, unadondosha mchuzi sakafuni. Tulirudi pamoja. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema:

"Ule wa mwisho mnaukimbiza."

"Ndivyo unavyopigwa, mama."

"Mnaukimbiza. Mwambie Bi."

Nikamwambia Bi. Akasema mama ana haki. Tangu hapo mama akawa na rai juu ya kila wimbo, na jikoni sikupelekwa tena.

Sikuolewa tena. Mpigaji mkubwa pia sikuwa. Wako waliokuja baada yangu wakanipita mbali, nami niliwasikiliza kwa raha. Kofia niliendelea kushona. Lakini siku zangu zilikuwa na mahali pa kuelekea. Nilikuwa nikilala na kipande cha wimbo kilichonishinda, na nikiamka nataka kwenda kukijaribu kabla ya kuteka maji.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini chama kilialikwa harusini Makunduchi. Tulikwenda kwa gari la shamba, vyombo tumevipakata, tukafika tumejaa vumbi. Kabla ya kuanza, bibi mmoja wa pale akaja kukaa karibu yangu kunitazama nikifunga nyuzi.

"Una watoto?" akaniuliza.

"Sina, bibi."

"Na mume?"

"Sina."

"Sasa unaishi vipi?"

Nikamwambia naishi na mama, nashona kofia, na Alhamisi ijayo tunaanza wimbo mpya, mgumu, wenye mahali pawili ambapo bado sijapajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisogezea sahani ya wali, akaniambia nile kwanza, kwa sababu watu wa Makunduchi hawalali mapema siku ya harusi.