Kasa Alikuja Upande Wangu

Leo nimemwona kasa baharini na sikumwita mtu.

Tulipanda boti kuangalia pomboo. Nilivaa sweta langu zito, maana sisi wa Makambako, kwa baridi ya kwetu, asubuhi hatutoki bila sweta.

Dada wa mume wangu akacheka, boti nzima ikasikia: "Wifi, na sweta lako hilo kaa nyuma huko, unatuharibia picha!"

Nikakaa nyuma.

Pomboo hawakutokea. Wote wako mbele, wanapiga picha maji matupu.

Nyuma kwangu akaibuka kasa, mkubwa kama beseni la kufulia. Akavuta pumzi, akanitazama.

Mnadhani niliwaita? Thubutu! Nilipiga picha taratibu mpaka akazama.

Sasa wifi ameiona kwenye simu yangu, ananibembeleza: "Wifi yangu kipenzi, nitumie na mimi hiyo picha."

Wana Makambako, nimekosea?

Nimemtumia picha ya sweta.