Kiko Kilichofuata Vidole vya Cucu

Juzi nilipita mtaa wa Landless, rafiki yangu, nikapatafuta pale palipokuwa na kibanda cha fundi wa kuchonga mbao, jirani yetu. Sasa pana ghorofa la kupangisha, nguo zimeanikwa hadi juu. Nikasimama kando ya barabara, na harufu ya mutamaiyo, mzeituni wa porini, uliotoka kukatwa ikanijia kama fundi bado yumo ndani anapiga tupa.

Nilikuwa na miaka tisa. Cucu, mama yake mama, alivuta kiko kila jioni baada ya kufungia kuku. Siku moja nikakichukua bila ruhusa, nikajifanya chifu mbele ya wenzangu. Kikaniponyoka kwenye sementi, kikapasuka. Cucu hakunichapa. Aliokota vipande, akavifunga kwenye leso, akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko kiboko. Baba alimnunulia kingine dukani, lakini vidole vyake viwili vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. Kikateleza, makaa yakamwangukia kwenye sketi. Akakiweka kando. Wiki nzima alikaa jioni mikono mitupu.

Nikaenda nikilia kwa fundi, mzee ambaye watoto tulimwita guka, yaani babu.

"Guka, nimevunja kiko cha cucu. Unaweza kutengeneza kingine?"

"Naweza. Kwani yeye hukishika namna gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa naye maisha yangu yote na sikujua.

"Basi mpelekee donge la unga wa chapati, alifinye vile anavyoshika kiko. Na usilibonyeze njiani."

Cucu akalifinya, nami nikalirudisha kwa fundi kama nimebeba yai. Fundi akaligeuzageuza, akapitisha kidole gumba kwenye kila alama ya kidole. Siku tatu, nikitoka shule, nilikaa kizingitini kumtazama. Alichimba kichwa cha kiko kwa patasi nyembamba kama msumari. Kisha akapasha waya hadi ukawa mwekundu, akautumia kutoboa mrija, kidogo kidogo, moshi ukimpanda usoni. Mutamaiyo ni mti mgumu ajabu, na huko ndani hakuona chochote. Akachomoa waya, akapuliza. Vumbi jeusi likaruka kutoka chini kabisa ya kichwa, katikati barabara.

"Mashimo yamekutana," akasema polepole, kana kwamba hata yeye anashangaa.

Cucu alikipokea. Vidole vilivyopinda vikaingia kila kimoja mahali pake. Akafumba macho.

"Haiya," akasema, "huyu mtu ameujua mkono wangu na hajawahi kuushika."

Fundi hakuwa na mwanafunzi, wala hakuandika jina lake kwenye kazi yoyote. Alipokufa, patasi zake zilichukuliwa na wanunuzi wa skrepu. Kiko anacho mama, huko Gitothua anakoishi. Nimejaribu kukishika mara nyingi, kulia na kushoto. Hakinikai mkononi. Kilitengenezewa mkono mmoja tu duniani, na mwenye mkono huo tulishamzika.