Kamba ya Mgomba

Siku niliyojifunga vibao kwa mpira wa baiskeli naiona mpaka leo, mwanangu, kuanzia asubuhi yake hadi pale nilipoangukia. Keti kwanza. Hapana, usinisaidie, niache nishushe mguu huu polepole, una ukaidi wake. Tangu asubuhi nimesimama mbele ya karai nikikaanga mikate ya kuuza, na mgongo sasa umekataa. Nimechoka, Feza, na nguvu ya kugombana nawe sina. Kwa hiyo nitasema mara moja tu, nawe utanisikiliza mpaka mwisho.

Ninyi vijana mnadhani mchezo huu wa kuteleza mmeuanzisha ninyi, kwa kuwa mna simu za kujipiga video. Bo! Sisi tulikishuka kilima kile kile, kile cha udongo uliotolewa mgodini, nyuma ya nyumba za zamani za kampuni hapa Dilala, kabla mama yako, mdogo wangu, hajaota meno. Tulichukua mbao za makasha, tukazipigilia bati chini, tukazipaka mawese, tukazifunga miguuni, kila mguu na kibao chake. Mvua ikinyesha na udongo ule mwekundu ukilainika, tunajiachia. Katikati ya mteremko kuna bonge la udongo, unalijua, bado lipo. Ukilifikia kwa kasi unarushwa juu. Wavulana walikuwa wanaruka, wanatua, basi. Mimi niliruka, nikazunguka mzima hewani, ndipo nikatua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na watu wakiniona napanda waliacha maneno yao wakageuka kuangalia. Najisifu, ndiyo. Asiponisifu mtu mwingine nifanyeje?

Jambo moja tulikuwa hatulichezei, nalo ni kamba. Vibao tulivifunga kwa kamba ya mgomba iliyokauka, si kingine. Kabla ya kupanda, mwenzako anapiga goti mbele yako, anaivuta kamba yako kwa mkono mmoja. Isipokatika, hupandi. Maana siku ya kuanguka kibao lazima kitoke mguuni kiende zake, wewe uende zako. Kikikung'ang'ania, kinazunguka na mguu wako ndani. Tulijifunza hivyo kwa waliotutangulia, na wao sijui walijifunza kwa mguu wa nani.

Goti langu lilitoka mara ya kwanza mwisho wa msimu wa mvua. Kamba ilikatika vizuri, lakini nilikuwa nimetua na mguu mmoja, na uzito wote ukaenda pale. Nilisikia mlio. Wewe unaujua mlio huo tangu goti lako lilipotoka, sina haja ya kukueleza. Walinilaza juu ya mlango uliong'olewa wakanipeleka kwa Nkambo Kalenga. Huyo babu alikuwa mjomba wa nyanya yako, mzee aliyefunga mifupa ya wachimbaji maisha yake yote, akastaafu, lakini mlango wake haukustaafu. Mzee mkali yule! Hakuwa anasema pole. Alikushika, ukalia, akangoja umalize kulia, akaendelea.

Miezi mingi nilikaa nimenyoosha mguu barazani. Halafu akanifundisha kutembea, na nilipoweza kutembea akanipeleka kilimani, si kuteleza, kushuka kwa miguu. Alikaa chini na fimbo yake, mimi juu.

"Shuka," alisema. "Kilima nzima, pole pole, usishike kitu. Siku utashuka mara tatu bila kushika majani, njo utarudia ku bibao. Mbele ya ile siku, hapana."

"Na kama inachukua mwaka, Nkambo?"

"Basi ni mwaka. Goti ni yako, haiko ya benye kukuangalia."

Mwanangu, kushuka kilima kwa miguu ni kazi ya aibu. Wenzako wanapita pembeni wanateleza, matope yanaruka, wanapiga kelele za furaha, na wewe uko pale na hatua zako za bibi kizee. Na hawakunicheka. Afadhali wangenicheka! Walinionea huruma. Jumapili waliniwekea benchi chini ya kilima, wakalipangusa, wakaniambia kwa heshima, kama dada yao mkubwa, "Kaa hapa, ya Mado." Lile benchi lilinichoma kuliko goti. Najua na wewe wamekuwekea lako. Niliona jinsi ulivyokuwa unatabasamu umekaa pale, na nikajua ni tabasamu la namna gani.

Basi ikafika mvua ya kwanza ya msimu mpya. Kushuka kwa miguu nilikuwa nimeweza mara mbili. Mara ya tatu kila siku mkono ulikimbilia majani wenyewe, hata sikuutuma. Nikajiambia mbili na tatu ni majirani. Jumapili ile tulipotoka kanisani nilikwenda nyumbani kuchukua vibao, na nilipovifunga kwa kamba ya mgomba, mguu ukaanza kutetemeka. Niliuangalia. Ulikuwa unatetemeka nikiwa nimekaa, kwenye kiti, ndani ya nyumba ya baba yangu! Ningesema nini? Niliona kibao kinacheza, nikaogopa kitanitoka hewani mbele ya watu wote. Ukutani kulikuwa na mpira wa ndani wa baiskeli ya baba, umezeeka. Niliukata vipande, nikafunga vibao kwa huo mpira, nikazungusha mara mbili, nikakaza kwa meno. Mguu ukatulia. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani nimepona.

Kule kilimani mwenzangu alipotaka kupiga goti avute kamba, nilishusha miguu ya suruali ikafunika, nikamwambia, "Niache, nimejiangalia mwenyewe." Hakubisha. Nani angebisha na mimi siku ile? Walikuwa wanapiga makofi kabla sijaanza.

Niliteleza. Sitakudanganya kwamba ilikuwa mbaya. Ilikuwa tamu, Feza, tamu hata machozi yalinitoka. Nilifika kwenye bonge, nikaruka, nikazunguka mzima, nikaona kilima, nikaona mapaa ya nyumba, nikaona kilima tena. Nikatua na miguu miwili. Halafu kibao cha kulia kikazama kwenye tope laini, kikasimama. Mimi sikusimama. Kamba ya mgomba ingekatika pale pale, ningebiringika, ningeinuka nimejaa matope, watu wangecheka. Mpira ulivutika tu, ukang'ang'ania. Kibao kilibaki kwenye tope, mguu ukabaki kwenye kibao, na mwili wangu wote ukazunguka juu ya goti lile lile.

Nkambo Kalenga aliitwa kutoka kwake, akaja na miguu yake ya uzee, amevaa shati jeupe la Jumapili. Alipiga magoti matopeni, akapandisha suruali yangu, akauona mpira.

"Ni nani alikufunga bile?"

"Ni miye mwenyewe, Nkambo."

"Juu ya nini?"

"Muguu ilikuwa inatetemeka. Niliogopa kibao isitoke."

"Ah. Basi ulijua." Akatoa kisu mfukoni, akakata mpira. "Muguu ilikuambia, na weye ukaifunga kinywa."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Lakini aliweka vipande vya mpira mkononi mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake, akasema, "Mi nimechoka, mutoto yangu." Machozi yalikuwa yanamtoka, mzee yule ambaye hakuwahi kuniambia hata pole. Sikuwa nimewaza kwamba miezi yote ile, akikaa chini ya kilima na fimbo yake, alikuwa anashuka na mimi.

Goti halikukunjika tena. Unaliona. Umezoea kuliona, ndiyo maana hulioni. Nimelea, nimeuza, nimecheza harusi za watu kwa mguu mmoja na nusu, silalamiki. Lakini nitakuambia siku moja tu. Tulipomzika nyanya yako, wanawake walipiga magoti kando ya kaburi kutupa udongo, mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyekuja kuangalia. Marehemu mama yako aliniona. Alipiga magoti akatupa udongo kwa mkono wake, halafu akachota tena, akanyoosha mkono juu kwangu niuguse ule udongo, akautupa kwa ajili yangu. Alikuwa mdogo wangu, na akanibebea jambo lile. Nilimlilia mama yangu, na niliulilia mpira wa baiskeli, na mpaka leo sijui lipi lilinitoa machozi zaidi.

Sasa. Asubuhi nilitafuta chujio la unga, nikafungua mfuko wako nikidhani ni wangu. Usiniangalie hivyo. Niliona vibao vyako umevipaka mawese, na chini yake niliona mpira wa ndani wa pikipiki, umekatwa vipande viwili, umekunjwa vizuri. Mpira wa pikipiki! Sisi angalau tulikuwa na wa baiskeli. Nilikaa chini na unga wangu mikononi, nikakaa muda mrefu, mikate ikachelewa.

Sikukatazi kurudi. Daktari wa Lubumbashi aliyekupasua alisema utaweza kurudi, na mimi nani nimpinge. Tena nakujua: nikikukataza utakwenda nikiwa sokoni. Rudi, mwanangu. Lakini leo mguu wako ulikuambia kitu, nawe ukaenda kutafuta mpira. Siku utakapofunga kwa kamba ya mgomba na moyo wako ukatulia, nenda. Kabla ya hapo shuka kwa miguu, mara tatu, bila kushika majani. Mwenzako akija kuvuta kamba, usifunike kwa suruali. Na wakikuuliza mbele ya watu, "Unapanda?" na wewe huwezi, sema, "Leo siwezi." Maneno mawili tu. Mimi yalinishinda, ndiyo maana nakaanga mikate nimesimama mguu mmoja.

Chukua hii. Nimeisokota tangu juzi, nikijua utataka kurudi, unga ukiwa unaumuka. Ni ya mgomba wetu wa uani, imekauka vya kutosha, nimeijaribu, inakatika kwa mkono mmoja. Na ule mpira nipe. Weka hapa mkononi mwangu. Aksanti.

Sasa leta goti. Sogeza, mimi siwezi kuinama. Mungu aliyeliumba alishike. Wakulu wetu waliotutangulia wakutengenezee njia ya kupanda, na ya kushuka zaidi. Likunjike kanisani, likunjike kwenye ngoma, na siku yangu ikifika, likunjike kando ya kaburi langu, utupe udongo mara mbili, wa kwako na wa mama yako. Nenda. Kesho alasiri nitakuja kilimani, nitakaa kwenye lile benchi lako. Utashuka kwa miguu, na mimi nitakuwa chini nakuhesabia.