Kaa wa Fundi Saa

Fundi saa wa mtaa wa Ndia Kuu hakuwa mtu wa kupaza sauti, na kila adhana ilimkuta keshatawadha. Siku hiyo Mwanakuu, jirani yake, aliingia dukani akakuta saa zote ukutani, hata za wanamaji waliokuja na vita, zimesimamishwa ili mlio usiwashtue kaa wake. Fundi ameliinamia beseni la maji ya bahari, kioo cha kazi jichoni. Tangu asubuhi kaa dume alikuwa amelikamata kombe la konokono alimoishi jike, akiligongagonga ili jike atoke. Mwanakuu aliona maji yamepungua, akachota kata ya maji ya kunywa mtungini.

"Usitie!" fundi akapiga ukelele. "Maji matamu yatawaua!"

Kata ikabaki hewani. Taratibu, kaa wote wawili wakachomoza nusu nusu kutoka makombe yao, wakakumbatiana tumbo kwa tumbo. Fundi akashusha pumzi.

"Adhuhuri ishaadhiniwa?"

"Na alasiri, fundi."