Albina na Trekta Dogo la Kiwanja cha Ndege

Mara ya kwanza kumwona Albina Kapinga alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kusaga muhogo, miguu tu ikionekana. Wanawake wenye ndoo zao walikuwa wamekaa kivulini wakimsubiri bila kunung'unika. Nilikuwa muuguzi mgeni kutoka Iringa, nimepangiwa kituo cha afya cha misheni ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa kwenda Chiwanda. Nilimuuliza mama mmoja kama fundi atachelewa.

"Huyo siyo fundi wa kuitwa, sista," alinijibu. "Ndiye mwenye mashine. Akisema itasaga leo, itasaga."

Albina alikuwa Mmatengo wa Kitura, huko milimani Mbinga, mtoto wa wakulima wa kahawa. Ujana wake wote aliutumia kwenye chama cha ushirika, akihudumia mashine ya kumenya kahawa mbivu. Msimamizi wake, Bernadi, alimfundisha kufunga mikanda, kupaka grisi, na kuzima mashine kwanza kabla ya kubishana nayo. Kisha biashara ikaachiwa huria. Wanunuzi binafsi wakapanda milimani na malori yao hadi nyumbani kwa wakulima, ushirika ukayumba, mashine ikanyamaza. Wenzake wengi walirudi shambani. Albina, mjane mwenye mtoto mmoja, Florian, alinunua injini mbovu iliyokuwa imetelekezwa Mbinga mjini, akaifufua, akateremka nayo ziwani, ambako wanawake walikuwa bado wanatwanga muhogo kwenye vinu. Hakuwa na ndugu huku wala hakujua Kinyasa. Alijifunza lugha kwa wateja wake, wakimcheka naye akicheka.

Mwaka mmoja wakati wa masika barabara ya kupanda Mbinga ilikatika. Ndipo tukapata habari kwa simu ya upepo kwamba daktari wa macho atakuja kwa ndege Ijumaa, akae nasi kwa muda na kupasua wagonjwa wa mtoto wa jicho. Wazee walianza kuletwa, wengine kwa mitumbwi, wameshikwa mikono. Mmoja wao alikuwa bibi Kunigunda, jirani ya Albina, kipofu kwa miaka mingi.

Tatizo lilikuwa nyasi. Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa uwanja wa majani tu, na mvua zilikuwa zimeyapandisha hadi magotini. Misheni ilikuwa na mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukaliwa na kuendeshwa, iliyoletwa imeshatumika Ulaya. Watu waliiita trekta dogo. Mwendeshaji wake alikuwa mzee Joakim, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Lakini wiki ile trekta dogo lilikuwa linatambaa. Injini ilinguruma vizuri, visu vilikata, ila magurudumu yalikwenda kama yanayohesabu mchanga. Mzee Joakim alisukuma kijiti cha mwendo hadi mwisho, hakikuongeza kitu. Kwa mwendo ule hata nusu ya kiwanja isingekwisha.

Lusekelo, mganga wetu mkuu, kijana wa Rungwe, alinituma nikamwite Albina. Alikuja na mfuko wake wa spana.

"Shikamoo, baba," alimwamkia mzee Joakim.

"Marahaba, mama Florian. Inanitia aibu hii."

"Ilianza ghafla au taratibu?"

"Taratibu. Tangu mvua zianze."

Alimwomba aiendeshe kidogo, naye akatembea kando yake ameinama, akisikiliza. Kisha wakaizima. Alifungua kifuniko, akatupatia mkanda tuushike. Ulikuwa umeng'aa kama ngozi ya kiatu kilichopigwa rangi.

"Unateleza," alisema. "Injini inazunguka, nguvu haifiki nyuma."

Aliusafisha, akakaza springi inayouvuta, akarudisha kila kitu. Mzee Joakim akapanda. Trekta dogo lilitoka kwa nguvu kidogo, tukafurahi, halafu kabla ya kufika kwenye kibendera cha kwanza cha kando ya kiwanja likarudia kutambaa. Albina alisimama ameshika kiuno.

"Nimekosea," alisema. "Tuanze upya."

Ninalikumbuka neno hilo kwa sababu hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu aliyegundua kuwa amepita njia panda na sasa anageuka. Akaomba mashine izimwe, gia itolewe, tuisukume kwa mikono. Tulisukuma watatu na bado ilikuwa nzito kama imefungwa kamba nyuma. Akainyanyua kwa jeki, akazungusha gurudumu polepole, sikio lake karibu na bodi. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo.

"Breki haiachii," alisema. "Mkanda hauna kosa, umeteswa tu. Unavuta mashine ambayo muda wote imeshikwa."

Fimbo ya breki ilikuwa imeshika kutu kwa kulala nje mvuani. Aliimwagia mafuta ya taa, akaanza kuigonga taratibu, kidogo, kisha anasubiri. Ilikuwa Alhamisi, jua limeshavuka utosi. Lusekelo alikuwa akizunguka huku na huku.

"Mama Florian, ing'oe kabisa hiyo breki," alisema. "Tukate nyasi, wiki ijayo tutairudisha."

"Mwisho wa kiwanja kuna nini, daktari?"

Sote tulijua. Kiwanja kiliteremka kuelekea ziwani, na pale chini wanawake walianika usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye vichanja, watoto wao wakicheza chini yake.

"Sitaing'oa," alisema Albina, bila kupandisha sauti. "Ninyi anzeni na mafyekeo huko juu. Ikilegea, nitamkabidhi baba mashine inayokwenda na inayosimama."

Lusekelo alimtazama kidogo, akavua koti lake jeupe, akachukua fyekeo la kwanza yeye mwenyewe. Wauguzi tukamfuata, na ndugu wa wagonjwa nao wakaingia. Tulikuwa tumefyeka kipande kizuri tu tuliposikia injini. Mzee Joakim alikuja kwa kasi ambayo sikuwa nimewahi kuiona, kofia imerudi kisogoni, na mbele yetu akakanyaga breki. Trekta dogo likasimama papo hapo. Albina aliagiza arudie tena kwenye mteremko, na alipofanya hivyo mara ya pili ndipo akaanza kukusanya spana zake. Giza lilipoingia kilibaki kipande kidogo, kikamaliziwa asubuhi.

Ndege ilitua. Bibi Kunigunda alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupasuliwa, na bandeji ilipofunguliwa Albina alikuwa amekaa kando ya kitanda chake. Yule bibi alimtazama kwa muda mrefu, akamshika mashavu.

"Kumbe u mfupi hivi," alisema. "Kwa sauti yako nilidhani u mwanamke mrefu."

Albina alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga.

Misheni ilitaka kumwajiri. Alikataa, hakutaka kuacha mashine yake, ila kila masika yalipokaribia alikwenda kwa mzee Joakim, wakakaa pamoja kuipaka fimbo ile grisi. Nami nilipohamishiwa Songea alinisindikiza hadi kwenye lori. Kabla sijapanda, alilizunguka, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akamwita dereva.

"Nati mbili zimelegea hapa, mwanangu. Kaza kwanza."

Dereva alisema atakaza Mbinga. Albina alisimama mbele ya lori, mikono ameikunja kifuani, hadi yule kijana aliposhuka na spana yake.