Fyuzi Sikioni kwa Bibi

Vitu vya marehemu hugawanywa haraka kuliko keki ya kipaimara. Siku tulipoanua matanga ya baba, kule nje kidogo ya Kongwa, makoti yake yalipata wenyewe kabla chai haijapoa. Redio iliondoka na binamu mmoja aliyekuwa amesimama karibu nayo tangu asubuhi. Mimi, mwenye shahada mbili, nikabaki na kopo la majani ya chai lenye kutu ambalo hakuna aliyeligombea. Ndani yake mlikuwa na betri, kibalbu cha tochi chenye nyaya mbili, na kitu kidogo kilichoviringishwa kwenye karatasi na kufungwa uzi. Nilikijua kwa vidole kabla sijakifungua. Karatasi ile ina maandishi, nami nitakuambia yanasemaje, ila kaa kwanza. Nikikusomea sasa hivi utaona ni maneno ya mzee tu.

Baba alikuwa fundi simu. Simaanishi hawa wa leo wanaobadilisha vioo chini ya mwavuli. Alitunza kituo cha simu cha chumba kimoja, ambacho bati lake lilikuwa moja na la nyumba yetu, na laini moja iliyokuja kwa nguzo kutoka Dodoma. Watu walitembea kutoka vijijini, wakakaa kwenye benchi wakiwa na kuku waliofungwa miguu, wakingoja zamu yao ya kupiga kelele. Ndiyo, kelele, kwa sababu mzee aliyeongea na mwanawe aliye mbali aliona ni adabu kuusaidia waya kuifikisha sauti. Hivyo tulijua nani kaposa, nani kaachwa, na ng'ombe wa nani ana mimba.

Kama umewahi kuishi uwanda huu wa kati, unaujua upepo wake. Ulipopita kwenye nyaya zile nguzo zilivuma kutwa nzima, na sisi watoto tulibandika masikio kwenye mbao tukitaka kusikia maneno ya watu. Hapakuwa na maneno. Mimi nilidai nayasikia, nikawasimulia wenzangu, wakaniamini. Nadhani kazi yangu ya uandishi ilianzia hapo.

Asubuhi zilinukia vumbi lililonyunyiziwa maji na mlenda mkavu ukichemka. Kabla ya kwenda shule nilifagia ofisi, nikasugua kengele za shaba kwa majivu na ndimu, kisha nikamwaga nusu ndoo pale ukutani ulipozama waya wa ardhini. Wakati wa kiangazi ardhi ikikauka sana radi haina pa kwenda, kwa hiyo tuliinywesha. Majirani walitucheka. Maji tuliyabeba kichwani kutoka mbali, halafu tunamwagia waya.

Ndani, juu ya mlango, palikuwa na kisanduku cha mbao. Humo waya wa nje ulikutana na wa ndani, na katikati yao baba aliweka fyuzi: kibomba cha kauri nyeupe, kinene kama kidole, kilichozibwa pande zote mbili kwa vifuniko vya shaba. Siku moja alinivunjia iliyokufa, akaimwaga juu ya gazeti. Kulikuwa na unga mweupe, na ndani ya unga, waya mwembamba kuliko unywele wangu, umekatika katikati.

"Mkondo wa simu ni mdogo," alisema. "Kwa hiyo mlinzi wake lazima awe mwepesi wa kufa. Lakini asife ovyo. Kengele ikilia mkondo unapanda kidogo, na hapo anatakiwa avumilie."

"Mbona wamemfungia, hatumwoni?"

"Ukimwacha wazi, radi ikimkata moto unaruka kutoka ncha hii mpaka ile, unaendelea na safari hadi kwenye sikio la anayeongea. Humu ndani unga unaumeza. Na urefu huu si wa mapambo. Ungekuwa mfupi, moto ungeruka tu." Akakigeuza kile kipande cha kauri kwenye mwanga. "Aliyebuni hiki alikaa akawafikiria watu asiowajua."

Kasoro yake ilikuwa moja: ikifa haikuonyesha. Kwa macho huwezi kujua, alisema, na ndiyo maana alikuwa na betri na kibalbu. Ukigusisha nyaya kwenye vifuniko na kibalbu kikiwaka, fyuzi ni nzima. Kisipowaka, imekufa. Mimi, mwenye miaka minane na niliyekuwa wa kwanza darasani, nilielewa kwamba vitu visivyotofautiana kwa macho havina tofauti.

Sasa bibi. Mama yake baba aliishi nasi, na alikuwa na ndewe kubwa, yale matundu ya masikio waliyokuwa nayo wanawake wa Kigogo wa umri wake. Aliyajaza kwa majasi ya mti. Jasi moja lilipopasuka, baba kwa utani akampa fyuzi iliyokufa. Iliingia kama imepimwa. Jumapili hiyo kanisani aliwasalimia watu wote, "Mbukwa, mbukwa," akiwageuzia upande ule ule wa shavu. Aliporudi akataka ya pili.

"Mama, zikifa nazirudisha Dodoma ndipo wananipa nyingine. Hiyo moja tu nimeshaiandikia maelezo. Subiri."

"Nisubiri nini, radi?"

"Radi."

"Basi nitaiombea."

Kisha akaniinamia mimi. "Mke mwenzangu, huyu mwanangu ni mchoyo tangu anyonye."

Baba alikuwa na makopo mawili. La maziwa lilikuwa la zilizokufa, ambazo vifuniko vyake vilikuwa vimefifia na kuwa vyeusi. La majani ya chai lilikuwa la nzima, na wakati ule humo ilibaki moja ya akiba, inang'aa. Bibi alikuwa na harusi ya kwenda. Nilichukua ile inayong'aa. Mahali pake nikaweka iliyokufa, baada ya kuisugua kwa majivu na ndimu mpaka ikapendeza kama mwenzake. Nikamwambia bibi kwamba baba amekubali. Baba alipoiona sikioni alidhani ni mojawapo ya zile mbovu, akacheka, akasema sasa mama atapigiwa simu moja kwa moja.

Wiki zile mama alikuwa mjamzito. Mkunga aliona mtoto amekaa vibaya, akamtuma hospitali Dodoma, akaenda na mama mdogo. Makubaliano yalikuwa rahisi: kukiwa na lolote, mama mdogo atapiga simu, na baba ataacha kila kitu. Majirani walimwambia ana bahati. Ni mume gani mwingine aliyelala ukuta mmoja na simu?

Radi ilipiga alasiri. Kisanduku kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayepasua karanga kwa meno. Baba alitabasamu. "Imekufa vizuri," alisema, kwa maana simu ilikuwa salama. Akafungua kopo la majani ya chai, akaweka ile ya akiba, akazungusha mkono wa simu. Kimya. Akaitoa, akaipima kwa betri, kibalbu hakikuwaka. Akagusanisha nyaya zenyewe, kikawaka. Akarudia kwenye fyuzi, kikakataa.

"Niliipima mwenyewe hii," alisema. Halafu polepole, "Au sikuipima?"

Bibi alikuwa kizingitini akichambua karanga, fyuzi nzima ikimning'inia sikioni, umbali wa mkono mmoja kutoka begani kwa baba. "Pole, mwanangu," akasema. Mimi nilikuwa nimeshika kopo. Kilichotakiwa ni kunyoosha kidole tu. Kidole nilikuwa nacho. Baba hakuwa mtu wa fimbo, kwa hiyo hata kisingizio hicho sina. Niliogopa tu uso wake utakavyobadilika akinitazama.

Alituma ujumbe Dodoma kwa dereva wa lori aletewe fyuzi, lakini makorongo yalijaa na lori likalala njiani. Siku ya pili watu wa kwenye benchi walimwambia, "Fundi, si ufunge waya tu?" Akakataa. Fundi wa kituo kingine aliwahi kuziba mahali pa fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, radi ikamkuta mwanamke ameshika mkonga, na sikio lile halikusikia tena. Mawingu yalikuwa bado yameinama. Baba alikaa chini ya kisanduku kile akiwa amekunja mikono, kama mtu anayejizuia asijikune.

Asubuhi ya tatu alitushangaza. Alitoa watu wote nje, na bibi, na mimi, ili ikitokea radi imkute peke yake. Akafunga kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Simu ililia kabla hajarudisha kifuniko cha kisanduku.

Tulimsikia kutoka nje. Sauti ya mama mdogo sote tuliisikia, kwa sababu naye alikuwa wa kupaza: "Mko wapi nyie? Tangu juzi napiga." Baada ya hapo ilikuwa ni baba tu, akisema ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mama alikuwa amefariki alfajiri. Mtoto wa kiume alikuwa mzima.

Baadaye mama mdogo alisimulia, bila kumlenga mtu, kwamba kila mlango wa wodi ulipofunguka mama aligeuza shingo.

Kwenye msiba bibi alivua shanga na majasi yote, kama ilivyopasa. Nilimwona akimpa baba zile fyuzi mbili. "Zirudishe kwenye makopo yako," alisema. "Hii ndiyo aliyonipa mjukuu." Baba alizipokea, akaingia ofisini, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alinipa bakuli la uji, akaniambia ninywe ungali wa moto.

Kuanzia siku hiyo baba alikuwa na maelezo yake, na hakuyabadilisha hata nukta. Fyuzi mbovu ilikaa kwenye kopo la nzima kwa sababu yeye alizembea. Aliwaandikia hivyo wakubwa wake. Aliwaambia hivyo wakwe zake, wamekaa wamejipanga mbele yake. Alimwambia hivyo mdogo wangu alipokua na kuanza kuuliza, na mdogo wangu, ambaye hakuwahi kumwona mama yake hata kwa picha nzuri, aliyameza maneno yale yakamkaa vibaya. Alipokuwa na miaka kumi na saba alisema mezani, "Wewe ndiye uliyemuua." Baba akajibu, "Kula kwanza." Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo, nikiwa na insha mkobani kuhusu ukweli na wajibu wa msomi. Nilipata alama nzuri.

Mdogo wangu alihamia Chemba kununua na kuuza mbuzi, na hakurudi. Baba alipougua nilimleta kwangu Miyuji, Dodoma mjini. Kila alasiri aliomba nimpigie kijana wake. Inaita, haipokelewi. "Laini yake ina hitilafu," alisema, fundi mpaka mwisho. "Waambie wakaiangalie." Siku ya mazishi mdogo wangu alikuja, akatupa udongo wake kama mtu anayefukuza kuku.

Kwa hiyo turudi kwenye kopo. Siku ile ya kuanua matanga nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya kituo cha zamani, mdogo wangu akapita.

"Dada, hilo nalo unalibeba? Chuma chakavu wananunua pale stendi."

Nilifungua uzi. Fyuzi ilikuwa bado inang'aa. Karatasi ilikuwa na mwandiko wa baba, zile herufi zilizonyooka alizoandikia lebo za kituo: *Nzima. Ilitoka sikioni kwa mama. Mtoto asiambiwe.*

Nilisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa maneno machache hivyo. Miaka yote niliyodhani nimemficha, yeye ndiye aliyekuwa amenificha. Najua mwandishi mwingine hapa angekuambia baba alikuwa nini katikati ya nyaya zile mbili. Mimi nimeuzuia mkono.

Nikamwambia mdogo wangu akae. Nikamweleza yote, harusi ya bibi, majivu, ndimu, kidole. Alisikiliza huku akitazama viatu vyake. Kisha akachukua ile fyuzi na kibalbu, akagusisha nyaya. Betri ilikuwa mpya. Baba, na ugonjwa wake wote, alikuwa bado anabadilisha betri. Kibalbu kikawaka. Akazitoa, akagusisha tena, kikawaka tena.

"Kwa hiyo mzee alijua."

"Alijua."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua kabla yake."

Akarudisha kila kitu ndani ya kopo, akalifunika, akaliweka pajani kwangu taratibu. "Mbuzi wangu hawajanywa maji," alisema, akaondoka bila kusubiri chakula.

Kituo kile sasa ni kibanda cha kutuma pesa. Nguzo zilikatwa kuni, nyaya zikaibwa zikawa bangili, na upepo unapita hapo bila chochote cha kuvumisha. Bibi alizikwa na ndewe zake tupu. Wajukuu wa rika langu tuna vitundu vya sindano tu, havipitishi hata njiti. Hakuna tena anayetembea na kuku kwenda kupiga kelele kwa mwanawe, kila mtu ana simu yake mfukoni.

Nami ninayo. Kila alasiri, saa ile ile ya baba, nampigia mdogo wangu Chemba. Inaita wazi kabisa, bila mkwaruzo, mpaka inakatika yenyewe. Ningependa kusema laini yake ina hitilafu. Lakini mimi ni mtoto wa fundi simu, na laini nzima naijua.