Kiporo cha Mjomba Nestori

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Kate, Ufipa, chungu cha bibi yangu hakikuruhusiwa kulala kitupu. Sisi binadamu wa nyumba ile tuliweza kulala na njaa, na miezi ya kabla ya mavuno tulifanya hivyo mara kwa mara. Chungu, hapana. Kila jioni, tukishakula, Bibi Skolastika alikusanya ugali wa ulezi uliobaki, akaufinyanga kwa mwiko uliochovywa maji mpaka ukawa bonge kama ngumi yake, akalirudisha chunguni na kulifunika kwa kigae. Ugali ukiwa mdogo, alilitenga bonge kwanza, ndipo sisi tukanawa.

Bonge lilikuwa la Mjomba Nestori, mwanawe wa mwisho, aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Chunya wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Bibi aliamini, kama mama yake alivyoamini, kwamba msafiri ana njia mbili: ile anayoikanyaga, na ile inayotoka kwenye chungu cha mama yake. Chungu kikilala na chakula, njia ya pili iko wazi. Msafiri hata akilala porini tumbo lake halitamsahau nyumbani, na siku moja ataifuata njia hiyo mpaka mlangoni. Kikilala kitupu, njia inafungwa. Niliwahi kumuuliza ni nani anayeifunga. Akaniambia niache maswali ya shuleni, mambo mengine hayana ofisi.

Tulikuwa wawili tu nyumbani, mama yangu akiwa na kibarua chake mjini Sumbawanga. Mjomba hakuwa akija usiku kula. Basi asubuhi bonge lilikuwa kiporo, na kiporo kilikuwa changu.

Anayedhani nchi hii yote ni joto hajaamka Ufipa mwezi wa Julai. Upepo unapita juu ya nyanda zile bila kupiga hodi. Bibi alifukua makaa aliyoyalaza majivuni, akayapuliza, akafunua chungu na kulitazama bonge kwa muda. Halafu alisema maneno yaleyale ya kila siku:

"Mjomba wako hakuja. Kula."

Alilichoma juu ya makaa, akiligeuza kwa vidole kama mtu asiyeungua, mpaka likashika ganda gumu lenye nyufa. Nililipasua. Mvuke ukatoka, na ndani ugali ulikuwa wa moto, wa kahawia iliyokoza, na uchachu mdogo wa kulala. Niliumega na maharage ya jana yaliyokwisha kuganda, au, tukibahatika, na maziwa mgando kutoka kwa Mama Masanja, Msukuma jirani yetu aliyehamia na ng'ombe wake. Tangu hapo nimekaa hotelini mara kadhaa kwa gharama za serikali, nikala vyakula vyenye majina marefu kuliko ladha. Hakuna kilichofikia ganda lile. Mjomba sikumtakia baya lolote. Ila kama ni kurudi, sikuona kwa nini aharakishe.

Mwaka ninaoukumbuka, kipindupindu kilisikika kule mwambao wa ziwa, na serikali ikatuletea bwana afya. Alikuwa kijana wa Mbeya, msafi, mcha Mungu, mwenye viatu ambavyo vumbi letu lilivionea wivu. Wenyeji hupenda kueleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Wageni wanaohamishiwa huku hulisikia neno la pili tu. Bwana afya yule alitembea na maji yake kwenye chupa na hakuonja chakula cha mtu yeyote. Aliongozwa na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kalisti, ambaye alimwonea huruma kwa jambo hilo kuliko kwa jingine lolote.

Alifika kwetu asubuhi na mapema, kabla sijapata changu, akafunua chungu.

"Bibi, hiki nini?"

"Ugali."

"Wa lini?"

"Wa jana."

"Mbona haukuliwa jana?"

"Mwenyewe hakuwepo."

"Mwenyewe nani?"

"Mwanangu, Nestori. Yuko Chunya, machimboni."

Bwana afya alimtazama balozi, balozi akatazama kuku. "Na anarudi lini?"

"Ningejua anarudi lini," Bibi alisema, "ningepika siku hiyo."

Kijana wa watu hakuwa na moyo mbaya. Alieleza habari za vijidudu kwa upole, kwa mikono yote miwili, jinsi wanavyoingia kwenye kiporo na kuzaana humo. Bibi alisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha bwana afya akatoa amri: kuanzia siku hiyo, vyungu vyote kijijini vioshwe kabla ya kulala, na balozi apite jioni kuhakikisha.

"Serikali ikisema tunasikia," Bibi alimjibu. "Lakini ukinifungia njia ya mwanangu, baba, nitakudai wapi?"

"Barabara ni idara nyingine, Bibi," alisema bwana afya, na nadhani hakuwa anatania.

Jioni ile Mzee Kalisti alikuja, akasimama nje ya jiko akiwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuposa. Bibi aliosha chungu mbele yake, akakiinamisha juu ya mafiga. Alikuwa mtu wa kutii. Alilipa michango yote, hata ile ambayo waliokuwa wakiichangisha walikuwa wamekwisha kuisahau. Asubuhi alinikorogea uji, nikanuna.

"Kiporo changu kiko wapi?"

"Hakijawahi kuwa chako," alisema. Hakuketi nami. Alisimama mlangoni, akitazama barabara inayotoka Namanyere, na uji wake ukapoa hapo jiweni mpaka kuku wakaumaliza.

Hazikupita siku nyingi mgeni akaja. Tulikuwa uani tukipura maharage, mimi nikiokota yaliyorukia majanini. Kijana mwembamba, begi dogo begani, alisimama kwenye kona ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Chunya. Naitwa Edsoni. Nilikuwa kambi moja na Nestori."

Bibi aliweka fimbo yake chini taratibu. Kwetu mgeni haulizwi habari akiwa na njaa. Anakula, ananawa, ndipo anasema. Nilitegemea kwamba leo, kwa ajili ya Mjomba, desturi ingesubiri. Lakini Bibi aliuliza kitu kimoja tu.

"Umekula?"

"Nimekula njiani, mama."

"Njiani hakuna chakula. Keti."

Akasonga ugali wa ulezi mkubwa kana kwamba wamekuja watu wa kulima. Akapakua maharage, akayatia karanga za kusaga. Edsoni alinawa, akamega tonge, akalibinyabinya, akalichovya, akalipeleka mdomoni, akalirudisha. Alilipeleka tena. Alipomeza niliona koo lake likifanya kazi kama la mtu anayemeza dawa.

"Mama, mimi nimekuja na—"

"Kula kwanza, baba. Ongeza mboga." Bibi akaongeza yeye mwenyewe. Akanigeukia. "Veva, nenda kwa Mama Masanja, mwambie anipe maziwa mgando, tuna mgeni. Kimbia." Nilipoanza kukimbia akaniita. "Hapana, usikimbie. Utamwaga."

Kibuyu nilichochukua kilikuwa kitupu wakati huo. Na Bibi hakuwahi maishani mwake kuniambia nisikimbie. Nilikwenda nikihesabu mbuzi wa watu njiani, nikafurahi kwamba nimepewa ruhusa ya kuzembea.

Niliporudi, Edsoni alikuwa bado anakula. Bibi alikuwa amemchomea samaki, mgebuka mkavu, yule aliyekuwa akining'inia juu ya moshi akingojea Jumapili. Mgeni alikuwa anatoka jasho. Alikula mgebuka. Akamiminiwa maziwa, akayanywa. Akaongezwa ugali, naye akaumega bila kubisha, maana kufikia hapo alikwisha kuelewa anachoombwa. Sijapata kuona mtu akimfanyia mwenzake kazi ngumu kama ile. Mzee Kalisti naye alikuwa amefika, kwa kuwa mgeni akiingia kijijini ni wajibu wa balozi kujua. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Mama," Edsoni alisema mwishowe, "nimeshiba."

"Bado."

"Mama yangu."

"Kuna maharage mengine jikoni."

Ndipo Mzee Kalisti akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Skolastika. Mpe mgeni maji anawe."

Mlo haujaisha mpaka mikono ioshwe. Sote tulijua hivyo. Bibi alikitazama kile kibakuli cha ugali, ambacho bado kilikuwa na robo yake, kisha akainuka na kuleta maji. Alimmiminia mwenyewe, kidogo kidogo, juu ya mikono iliyokwisha kutakata, mpaka maji ya kata yakaisha.

"Haya, baba. Sema sasa."

Shimo lilikuwa limebomoka masika, Nestori na wenzake wakiwa ndani. Waliokuwa juu walichimba mchana kutwa, wakawapata, wakawazika kulekule. Edsoni alikuwa ametafuta nauli tangu wakati huo.

Bibi hakupiga yowe. Alisema, "Nilikiosha chungu," na kila aliyekuwepo akaelewa, isipokuwa mgeni.

Mzee Kalisti aliruka kutoka kwenye kinu. "Skolastika, amesema masika! Bwana afya alikuwa hajahamia hata wilayani. Chungu chako kilikuwa kinalala na ugali kila siku. Nimekuwa nakiona mimi." Alisema haraka haraka, kama wakili aliyepata shahidi dakika ya mwisho.

Bibi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata kwa chungu.

"Nimesikia," alisema. "Basi tangu masika nilikuwa namwekea nani?"

Akanigeukia. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu cha maziwa, na ndipo alipoanza kulia.

Tuliweka msiba usio na kaburi. Mama alikuja kutoka mjini. Bwana afya naye alikuja, bila daftari, akasimama pembeni na chupa yake ya maji. Wakati wa chakula Bibi alimpelekea sahani kwa mikono yake.

"Ni wa leo, baba. Usiogope."

Akala. Akala wote, na sahani akairudisha safi. Alipotoka alipita jikoni kuaga, chungu kikiwa pale kimefunikwa kwa kigae. Hakukifunua, na Mzee Kalisti hakupita tena jioni.

Siku watu walipotawanyika, Bibi alisonga ugali wa watu watatu. Tulipomaliza alichovya mwiko kwenye maji, akaanza kufinyanga bonge. Mama alimshika mkono.

"Mama, unamwekea nani sasa?"

"Kesho asubuhi kutakuwa na baridi," Bibi alisema, akaendelea kufinyanga.

Asubuhi nilikaa mahali pangu. Alifukua makaa, akapuliza, akafunua chungu, akalitazama bonge kwa muda uleule wa siku zote. Nilisubiri yale maneno ya kwanza. Hayakuja. Alilichoma, akaligeuza kwa vidole vyake visivyoungua, akanipa.

"Kula," alisema.

Sasa naishi Chanji, mjini Sumbawanga, napikia gesi, na jokofu langu lina viporo ambavyo hata bwana afya angevipigia saluti. Nafanya kazi masjala, kwenye ofisi ambako kila kitu kina jalada. Niliwahi kujaribu kuandikisha kifo cha Mjomba Nestori, ili mambo ya kiwanja kidogo alichokiacha yaishe. Karani aliniuliza kwa heshima ni ushahidi gani tulio nao kwamba amekufa. Nilimtafutia jibu. Nililokuwa nalo ni kwamba mtu mmoja alikula ugali mwingi kuliko tumbo lake, na bibi yangu akachelewa kumpa maji ya kunawa. Akaniambia nirudi na barua ya mtendaji.

Nimesoma vitabu viwili vitatu vinavyoeleza imani za namna ile, vya wasomi wa kwetu na wa kwingine. Vinaeleza vizuri: hofu ya safari, heshima kwa waliokufa, mama kutafuta la kufanya na mikono yake. Sibishi. Lakini sijakutana na hata kimoja kilichouliza ni nani aliyelila bonge lile asubuhi. Bibi naye amekwisha kwenda, chungu chake kilipasuka katika kuhama, na mimi sijui kama njia ya pili ipo. Najua tu kwamba tangu masika hadi bwana afya alipokuja, na miaka mingi baada ya hapo, ilinifikia mimi.

Juzi tulikuwa na semina pale mjini. Kabla ya kuanza, mwezeshaji alitaka tuchangamke: kila mshiriki asimame, ataje jina, kituo cha kazi, na chakula anachokipenda. Wali nyama, alisema mmoja. Ndizi, alisema mwingine, mtu wa Mbeya. Ikafika zamu yangu.

"Genoveva, masjala," nikasema. "Kiporo cha ugali wa ulezi."

Ukumbi ukacheka. "Kiporo cha nani tena, dada?" aliuliza yule wa Mbeya.

"Cha mjomba wangu," nikamjibu.

Wakacheka zaidi. Nami nikacheka nao kidogo, kisha nikakaa.